Kivu ya Kaskazini: kabla ya kununua rotaveta nzito, shamba liulizwe kwanza

Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina haki yake pale ambapo jembe linapatikana sokoni kwa pesa kidogo, na mpini ukivunjika mtu anakata mwingine nyuma ya nyumba. Lakini mashini inayokula akiba ya koperative nzima ni jambo lingine. Hapo asiyechagua ndiye anayepoteza.

Mashini yenyewe ni rotaveta, ile ambayo katalogi za Kifaransa huiita fraise rotative. Hufungwa nyuma ya trekta na kupokea nguvu ya injini kupitia kardani. Chini yake kuna mhimili wenye visu vilivyopindwa. Vinapozunguka, vinakata udongo, vinauvunja na kuuchanganya na majani. Shamba ambalo lingehitaji plau, kisha haro mara mbili, linaweza kuwa tayari kupandwa baada ya rotaveta kupita mara moja au mbili. Ndiyo maana mtu akiiona ikifanya kazi kwenye simu yake, anatamani ile iliyo kubwa na nzito kuliko zote. Kwa mashamba yanayolisha mji wa Goma, tamaa hiyo inaeleweka. Lakini katika sehemu kubwa ya mashamba hayo, ununuzi huo ungekuwa hasara.

Mashamba yaliyolala

Sababu ya watu kufikiria mashini inajulikana. Tangu vita vya M23 kuanza tena mwishoni mwa 2021, na hasa baada ya Bunagana kuchukuliwa mwezi wa sita 2022, familia nyingi za Rutshuru, Nyiragongo na Masisi ziliacha mashamba na kukimbilia kambi za pembeni ya Goma: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, kambi hizo zilivunjwa katika muda wa wiki chache. Mamia ya maelfu ya watu walirudi walikotoka, na wengi walikuta shamba limegeuka pori.

Shamba lililolala misimu mitano au sita halilimwi kama lile lililovunwa juzi. Majani yamekuwa marefu kuliko mtu, mizizi imeshikana, na udongo umekuwa mgumu. Msimu A unangoja mvua za mwezi wa tisa, msimu B unaanza mwezi wa pili au wa tatu, na mvua haimngoji mtu. Familia yenye majembe mawili na mama mmoja mwenye nguvu inamaliza kipande kidogo tu kabla ya wakati wa kupanda kupita. Mwezi wa tatu 2025, tathmini ya kimataifa ya usalama wa chakula, IPC, ilihesabu Wakongomani karibu milioni 28 katika hali ya njaa kali. Kwa hiyo kutaka mashini si anasa. Swali ni mashini gani, na kwa udongo gani.

Goma si Rutshuru, na Masisi si Ruzizi

Mtu akitoka Goma kuelekea kaskazini, anapita kwanza juu ya mawe. Teritware ya Nyiragongo imekaa juu ya lava ya zamani na ya karibuni, ikiwemo ile ya 1977, ya tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 na ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Udongo wake una rutuba sana, lakini mahali pengi ni tabaka jembamba lililolala juu ya mwamba, au udongo uliochanganyika na mawe makali. Mkulima wa huko huingiza jembe kati ya jiwe na jiwe kwa ujuzi ambao hakuna mashini inayo. Kisu cha rotaveta hakioni jiwe. Kinaligonga kwa mwendo wa mzunguko zaidi ya 200 kwa dakika, na kinachofuata ni kisu kuvunjika, kardani kupinda au meno ya giaboksi kung'oka. Uzito wa mashini hauponyi jambo hilo. Mashini nzito ikigonga mwamba inavunja kitu cha bei kubwa zaidi.

Masisi na sehemu kubwa ya Lubero, tatizo ni mteremko. Trekta yenye mzigo wa nusu tani nyuma yake inaweza kuinuka mbele inapopanda, au kupinduka inapokata kilima kwa ubavu. Hata dereva akiwa hodari, bado kuna udongo wenyewe. Rotaveta inauvunja hadi unakuwa laini kama unga, na mvua kubwa ya kwanza inaubeba hadi bondeni. Mama aliyelima viazi kwa jembe, akiacha madonge na mistari inayokingama mteremko, analinda udongo wake vizuri zaidi. Kwenye vilima hivyo pesa ya mashini ingefanya kazi zaidi kama ingelipia mifereji ya kuzuia mmomonyoko, mbegu safi za viazi na majembe mazuri.

Basi rotaveta nzito inafaa wapi? Inafaa kwenye tambarare yenye udongo wa kina: upande wa Kiwanja na kushuka kuelekea Nyamilima na Ishasha katika usultani wa Bwisha, baadhi ya mabonde ya Bwito, tambarare ya Semliki upande wa Beni, na kusini kabisa bonde la Ruzizi, ambako udongo mzito wa mpunga unaipenda mashini hii. Huko mahindi, maharagi, soja na mpunga hulimwa kwenye vipande vinavyoweza kuunganishwa. Huko ndiko mjadala wa kuchagua una maana.

Nzito maana yake nini

Wauzaji huandika neno «nzito» kwenye kila mashini. Mnunuzi aangalie mambo ambayo rangi haiwezi kuficha.

La kwanza ni upana ukilinganishwa na nguvu ya trekta. Kanuni inayotumika sana ni karibu nguvu za farasi 30 kwa kila mita ya upana katika udongo wa kawaida, na zaidi katika udongo mzito au wenye majani mengi. Rotaveta ya mita 1.75 inataka trekta ya farasi 50 hivi, na ya mita 2 inataka 60 au zaidi. Lakini namba iliyoandikwa kwenye boneti ya trekta ni nguvu ya injini. Ile inayofika nyuma kwenye prise de force huwa pungufu. Isitoshe, sisi tunaishi juu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Trekta ya farasi 50 inayofanya kazi vizuri Dar es Salaam inaweza kuwa na farasi 43 hivi kwenye mwinuko wa Goma. Rutshuru iko chini kidogo, lakini hesabu inabaki ileile: kwa trekta uliyo nayo, chukua rotaveta nyembamba kuliko ile anayokusifia muuzaji.

La pili ni namna nguvu inavyoshuka kwenye visu, kwa cheni au kwa gia zilizo ubavuni. Cheni ni nafuu, na fundi wa mjini anaweza kuibadilisha, lakini hulegea na kukatika katika udongo mgumu. Gia huvumilia kazi nzito zaidi, na kwa tambarare ya mfinyanzi ndizo zinazofaa. Lakini gia ikivunjika, haipatikani kwa fundi wa kawaida. Anayechagua gia anunue pamoja nayo seti ya akiba, beringi na sili za kuzuia matope, siku hiyohiyo ya ununuzi.

La tatu ni kinga. Mashini nzuri ina klachi ya kuteleza kwenye kardani, au walau bolti iliyotengenezwa ili ikatike kabla ya giaboksi kuumia. Bolti hiyo ni laini kwa makusudi. Fundi anayechoka kuibadilisha na kuweka bolti ngumu mahali pake hajatengeneza chochote. Amehamisha hasara kutoka kwenye bolti hadi kwenye giaboksi.

La nne ni visu. Huisha kama soli za viatu, na katika udongo wenye changarawe za volkano huisha haraka zaidi. Vya chuma chenye boroni hudumu kuliko vya chuma cha kawaida. Muuzaji asiyeweza kuonyesha seti ya pili ya visu dukani anauza mashini ya msimu mmoja.

La tano ni prise de force yenyewe. Rotaveta nyingi zinataka mizunguko 540 kwa dakika. Kardani ikiwa ndefu kupita kiasi, siku trekta itakapoinua mashini itasukuma giaboksi hadi ipasuke. Ikiwa fupi, itachomoka. Ipimwe na kukatwa kwa trekta ile itakayofanya kazi, na kifuniko chake cha plastiki kisitolewe. Kitenge kinachopepea karibu na kardani inayozunguka kinaweza kumvuta mama na kumuua kabla dereva hajageuka. Mashini isiyo na kifuniko isiingie kwenye shamba lenye watu.

Hesabu ya hekta

Uamuzi mkubwa zaidi uko kwenye hesabu ambayo koperative inaweza kuifanya kwa kalamu moja. Rotaveta ya mita 1.75, trekta ikienda kilometa 3 kwa saa, inapita mita za mraba 5,250 kwa saa. Ondoa muda wa kugeuka, kusafisha majani yaliyojiviringisha na kuweka mazutu, na unabaki na kama mita 3,500. Hekta moja ni karibu saa tatu. Kwa saa sita za kazi kwa siku, ni hekta mbili. Kwa siku 25 za matayarisho kabla ya mvua kushika, ni hekta 50.

Wanachama wenye hekta 50 za tambarare, zilizo karibukaribu, wana kazi ya kuipa mashini hiyo. Wenye hekta 12 zilizotawanyika vilimani wataitumia siku sita, kisha itakaa miezi mitano chini ya turubai ikishika kutu. Familia nyingi za mkoa wetu zinalima chini ya hekta moja, tena katika vipande viwili au vitatu. Kwenye kipande cha mita 20 kwa 25, trekta hutumia muda mwingi ikigeuka kuliko ikilima. Kwa hiyo, kabla ya kuunganisha pesa, watu waunganishe ratiba: majirani wa bonde moja wakubali kulima siku moja na kupanda zao moja, mipaka ikiwekewa alama bila kuondolewa. Makubaliano hayo ni magumu kuliko kununua mashini, na bila hayo mashini haina faida.

Jambo lililo chini ya majani

Kuna hatari ambayo katalogi haziizungumzii. Sake, Mushaki, Kibumba, Rugari, Rumangabo na vijiji vingine vingi vilikuwa uwanja wa mapigano. Makombora na magruneti yasiyolipuka yamebaki kwenye majani ya mashamba hayohayo yanayotamaniwa kufunguliwa kwa mashini. Visu vya rotaveta vinagonga kila kitu kwa nguvu na kwa kushtukiza, dereva akiwa amekaa mbele tu ya visu hivyo. Shamba lililokuwa karibu na kituo cha askari au mahandaki lisiingizwe trekta kabla ya wenyeji kuhojiwa na wataalamu wa kuondoa mabomu kulipitia. Kitu cha chuma kikionekana, kisiguswe. Kiwekewe alama kwa mbali, watoto waondolewe, na viongozi wa eneo waarifiwe. Kuchelewa kwa msimu mmoja si kitu mbele ya uhai wa mtu.

Majani yenyewe nayo yana hila. Matete marefu hujiviringisha kwenye mhimili hadi mashini isimame, kwa hiyo yafyekwe kwanza na kuachwa yakauke. Na yale majani yenye mizizi inayotambaa chini ya ardhi, rotaveta huyakata vipande elfu, kila kipande kikichipua upya. Mkulima anayeingiza rotaveta moja kwa moja kwenye shamba la namna hiyo atafurahia wiki mbili, kisha ataona majani yamerudi mara mbili. Hapo kazi ya kwanza ni plau wakati wa kiangazi, ili mizizi ianikwe juani. Rotaveta ije baadaye.

Tena, visu vikipita kina kilekile cha sentimeta 15 kila msimu, chini yake udongo hushindiliwa na kuwa tabaka gumu ambalo maji na mizizi ya mihogo havilipenyi. Mwenye rotaveta bado anahitaji plau au chombo cha kuchana ardhi kila baada ya misimu kadhaa. Anayeambiwa kwamba mashini moja itafanya kila kitu, ameambiwa nusu ya habari.

Yaliyokwisha kutokea kwingine

Nchi yetu ina mfano wake mchungu. Bukanga-Lonzo, mradi mkubwa wa kilimo uliozinduliwa 2014 mashariki mwa Kinshasa, ulinunuliwa mashini za kisasa kwa mamilioni ya dola, na kufika 2017 ulikuwa umesimama. Mwezi wa tano 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu waziri mkuu wa zamani Augustin Matata Ponyo miaka 10 ya kazi ngumu kwa wizi wa pesa za mradi huo. Kinshasa husema kwamba udongo utalipa kisasi juu ya madini. Bukanga-Lonzo inaonyesha kwamba udongo haulipi kisasi chochote wakati hesabu za mashini hazionekani na anayelima hajaulizwa.

Kwa majirani, somo ni la namna nyingine. Tanzania ilipotangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009, trekta ndogo za kusukuma kwa mkono, zile wanazoziita pawatila, ziliingizwa kwa wingi na kupelekwa wilayani. Kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali, yenye maji na udongo laini, zilipata kazi. Kwenye ardhi kavu na ngumu, nyingi zilishindwa kulima, zikageuzwa mikokoteni ya kubebea mizigo au zikasimama kwa kukosa vipuri. Mashini ilikuwa ileile, lakini udongo ulikuwa tofauti. Na mwaka 2015 Umoja wa Afrika ulitaka jembe la mkono liwe limepelekwa makumbusho kufika 2025. Mwaka huo umefika, na jembe bado liko begani kwa mama wa Kibumba. Sababu si kwamba hapendi maendeleo. Jembe linaweza kazi katika shamba lake, na yeye anaweza kulitengeneza. Chukudu inadumu kwenye barabara za Goma kwa sababu hiyohiyo: kila seremala anaijua.

Pesa, mpaka na wasioitwa mkutanoni

Mazingira ya sasa yanaongeza uzito wa kosa. Benki za Goma zilifunga milango mwezi wa kwanza 2025, na uwanja wa ndege pia. Tangu hapo koperative inayonunua mashini kutoka nje imelazimika kubeba pesa mkononi au kuituma kwa simu, na vipuri kupitia barabara na mipaka ya Rwanda na Uganda. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili 2011 inasamehe ushuru vifaa vinavyoingizwa kwa ajili ya kilimo. Lakini mwenye kufika mpakani na trekta anajibiwa na yule aliyeko mpakani siku hiyo. Malipo yote yakitolewa kabla mashini haijawasha injini mbele ya wanachama, hakuna mlango rahisi wa kugonga ili yarudi.

Wako pia wasioitwa kwenye mkutano wa kununua. Vijana na akina mama wanaolima mashamba ya wengine kwa malipo ya siku watapoteza ujira wa wiki kadhaa pale mashini itakapoingia. Na mama anayekodi kipande msimu kwa msimu anaweza kufukuzwa na mwenye ardhi, mara shamba lililosafishwa kwa mashini litakapopata mpangaji wa bei kubwa. Koperative yenye haki iandike mapema: anayekodi ahakikishiwe misimu mingapi, na kazi za kupalilia na kuvuna zipewe nani.

Njia iliyo salama zaidi kwa sasa ni kukodi kabla ya kununua. Trekta na rotaveta zilizopo zikodiwe kwa msimu mmoja, kwenye hekta tatu au nne za wanachama. Tangi lijazwe, kipande kilichopimwa kilimwe, tangi lijazwe tena, na mazutu yaliyotumika yaandikwe pamoja na visu vilivyovunjika na saa zilizopotea. Karatasi hiyo moja itasema kama shamba linataka mashini ya mita moja na nusu au ya mita mbili, ya cheni au ya gia, au kama halitaki rotaveta kabisa.

Walio tambarare ya Bwisha wenye hekta zilizoungana, fundi anayejulikana na vipuri mkononi wanaweza kununua bila woga. Walio juu ya lava na kwenye miteremko ya Masisi waweke pesa yao mahali pengine, hata kama mfadhili ndiye anayelipa. Mashini ya bure isiyofaa shamba bado inakula mazutu ya mkulima, na ikishindwa inamfunga msimu mzima akiingoja.